Mbuga ni Nini? Neno la Bara na Faida Yake kwa Mwenye Shamba



Neno "mbuga" halipiti siku bila ya kusikika redioni au kusomwa gazetini. Husemwa mbuga za wanyama, watalii wamekwenda mbugani, ndovu wametoka mbugani wakala mazao. Kwetu visiwani, ambako hakuna simba wala ndovu, wengi tukilisikia neno hili hutujia picha ya wanyama wa porini na gari la wageni wenye kamera. Maana hiyo ipo na inatumika. Lakini ni maana ya juzi juzi tu. Neno lina maana ya zamani zaidi, nayo inahusu udongo na maji, mambo ambayo mkulima hana budi kuyajua popote alipo.

Tuseme mtu wa kwetu amehamia Mpanda, mkoa wa Katavi, kwa biashara au kwa kazi, kisha akamwandikia ndugu yake aliyeko Wete: "Mwaka huu nimelima mbugani na mpunga umestawi sana." Ndugu huyo atashituka. Ataona kwamba jamaa yake ameingia katika hifadhi ya wanyama akafyeka na kulima, na pengine kesho atakamatwa. Kumbe mwandishi hakufanya kosa lolote. Amelima ardhi ya kijiji, katika bonde la udongo mweusi linalotuama maji, na kwa watu wa huko ardhi ya namna hiyo huitwa mbuga. Neno ni moja, barua ni moja, na kila mmoja amefahamu jambo lake.

Basi yafaa tulieleze neno hili vizuri, tukianza na ardhi yenyewe.

MAANA YA ASILI

Katika bara ya Tanzania, hasa upande wa magharibi na wa ziwa, mbuga ni ardhi yenye sifa nne pamoja. Ya kwanza, ni tambarare na iko chini kuliko ardhi iliyoizunguka, kwa hivyo maji ya pande zote huteremkia humo. Ya pili, udongo wake ni mweusi au wa kijivu kilichoiva, mzito, wa mfinyanzi. Ya tatu, mimea yake mikubwa ni nyasi. Miti ni michache, na iliyopo hukaa pembezoni, mara nyingi ni migunga. Ya nne, wakati wa mvua hujaa maji au tope, na wakati wa kiangazi hukauka mpaka ardhi ikapasuka nyufa za kuingiza mkono.

Sifa hii ya nne ndiyo inayolitenga neno mbuga na maneno mengine ya mahali pa maji. Yatazame:

Bwawa ni mahali maji yanapokaa. Siku hizi neno hili hutumika zaidi kwa maji yaliyozuiwa kwa ukuta, lakini zamani lilikuwa pia jina la kinamasi kikubwa, na katika majina ya mahali maana hiyo bado ingalipo.

Kinamasi ni ardhi ya tope laini lenye utelezi, ambayo mguu huzama. Huweza kuwa kidogo kama kiwanja au kikubwa kama bonde zima. Tindiga ni neno la jamii hiyo hiyo, ingawa si wengi wanaolitumia siku hizi.

Dimbwi ni maji machache yaliyotuama baada ya mvua, hata njiani.

Bonde ni umbo la ardhi tu, yaani pahala pa chini baina ya vilima. Bonde laweza kuwa kavu au la maji.

Nyika ni nchi kavu ya nyasi na miti ya hapa na pale, yenye watu wachache. Pori ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa, iwe ya miti au ya vichaka.

Uwanda ni neno la kulitumia kwa hadhari. Kwa watu wa bara ni nchi tambarare yoyote. Kwa wakulima wa Unguja ni ardhi ya udongo mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, ambayo mkarafuu hauwezi kukaa.

Mbuga, basi, si kinamasi cha daima wala si nyika kavu. Ni ardhi yenye majira mawili: nusu ya mwaka ni ya maji na nusu ya mwaka ni ya vumbi. Atakayeiona mwezi wa Februari ataiita ziwa, na atakayeiona mwezi wa Septemba ataiita jangwa la nyasi.

Kwa upande wa sarufi neno hili halina taabu. Husemwa mbuga hii na mbuga hizi, mbuga kubwa, mbuga nyeusi. Na mahali penyewe ni mbugani. Lakini mwenye kusafiri Uganda na aangalie: katika Kiganda "embuga" ni makao ya mtawala, pahala watu wanapokwenda kusikilizwa mashauri yao. Akiambiwa fulani yuko embuga, asidhani kuwa amekwenda kupanda mpunga.

KWA NINI UDONGO WA MBUGA UKAWA HIVYO

Katika miaka ya 1930 palikuwa na mkemia wa udongo katika kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Amani, karibu na Tanga, jina lake Geoffrey Milne. Alizunguka Tanganyika akipima udongo, akaona jambo ambalo wakulima wa huko walikuwa wakilijua tangu zamani: ukianza juu ya kilima ukateremka mpaka bondeni, udongo hubadilika kwa mpango ule ule, na mpango huo hujirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliupa mpango huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa sababu kila udongo umeshikana na ulio juu yake na ulio chini yake. Wataalamu wa udongo wa dunia nzima wanalitumia jina hilo hata leo. Na kwa pete ya mwisho ya mnyororo, iliyo chini kabisa, walilichukua neno la wenyeji kama lilivyo, wakaandika "mbuga".

Wasukuma nao wana majina yao kwa kila pete. Mchanga wa juu huuita luseni, udongo mgumu wa chini yake huuita itogolo, na ule mweusi wa bondeni ni mbuga. Mkulima wa Kisukuma akitajiwa jina moja katika hayo hujua hapo hapo apande nini, alime lini, na kwa jembe gani.

Kazi ya mnyororo huu ni ya maji. Mvua ikinyesha kilimani huchukua chembe ndogo kabisa za udongo na chumvi za madini yaliyoyeyuka, ikavipeleka chini. Juu hubaki mchanga na udongo mwekundu. Wekundu ule ni kutu ya chuma kilichomo udongoni, na kutu haipatikani ila penye hewa. Kwa hivyo udongo mwekundu ni dalili kwamba maji yanapita na hewa inaingia. Bondeni hukusanyika chembe ndogo zilizoshuka, zikawa mfinyanzi mzito, na maji hukaa humo miezi mingi. Hewa hukosekana, kutu haifanyiki, na udongo hugeuka wa kijivu au mweusi. Mara nyingi ukichimba utakuta ndani yake vijiwe vyeupe vya chokaa.

Mfinyanzi wa mbuga una tabia yake. Ukinywa maji huvimba, na ukikauka hunywea. Ndiyo sababu ya nyufa zile za kiangazi. Udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa, mvua ikija ardhi huvimba na kujisukuma, na hivyo mwaka baada ya mwaka udongo hujigeuza wenyewe. Mizizi ya miti mingi haivumilii mambo hayo: masika huzama kwa kukosa hewa, kiangazi hukatwa kwa mipasuko. Nyasi huvumilia, na kwa hivyo mbuga ni nchi ya nyasi hata kama hakuna aliyekata mti.

Mwenye kulima mbuga anajua taabu yake. Kiangazi jembe huruka kama limepiga jiwe, na masika hushikwa na tope lisitoke. Siku za kulima ni chache baina ya hali hizo mbili, na aliyezipoteza amepoteza msimu. Nyumba iliyojengwa mbugani kwa msingi mfupi hupasuka kuta, na gari lililoingia humo baada ya mvua hulala humo.

Nchi nyingine nazo zina ardhi kama hii na majina yake. Zambia na Malawi huiita dambo, Afrika ya Kusini huiita vlei, na Wahausa wa Nigeria wana neno fadama kwa mabonde yanayofurika. Si ardhi moja kwa kila hali, lakini zote zina tabia ya kushika maji ya mvua kwa muda na kuyaachia polepole.

MBUGA ZA KATAVI

Anayetaka kuona mbuga katika ukamilifu wake na aende mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulitengwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Mpanda. Mji huo umefikiwa na tawi la reli linaloanza Kaliua, magharibi ya Tabora, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Reli hiyo hukata misitu ya miombo na kuvuka mto Ugalla. Wenyeji wa mkoa ni pamoja na Wapimbwe, Wabende na Wakonongo. Na tangu miaka mingi iliyopita Wasukuma wengi wamehamia huko na ng'ombe zao.

Huko hakuna masika na vuli kama kwetu. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia kiasi cha Novemba mpaka Aprili, kisha kiangazi kirefu.

Kusini ya mji wa Mpanda, baada ya kupita Sitalike, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, na baadaye ikapanuliwa mpaka kufikia kilomita za mraba 4,471. Jina Katavi latokana na Katabi, ambaye kwa masimulizi ya wenyeji alikuwa mwindaji mashuhuri, na roho yake husemwa kuwa imekaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa Katavi. Watu huenda hapo kuweka vitu vyao na kuomba.

Mto wenye kuendesha mambo yote huko ni Katuma. Huteremka kutoka nchi ya juu, hupita Sitalike, huingia ziwa Katavi na mbuga ya Katisunga, kisha maji huendelea mpaka ziwa Chada, na kutoka hapo mto Kavuu huyachukua mpaka ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kwenda baharini. Tumesema ziwa Katavi na ziwa Chada, lakini mwenye kufika huko mwezi wa Septemba ataona nyasi, si maji. Maziwa hayo mawili ni mbuga. Masika huwa maji matupu yenye ndege wa kila namna, na kiangazi huwa malisho ya maelfu ya nyati, pundamilia na nyamera.

Kiangazi kikizidi, maji hubakia katika vidimbwi vichache vya mto. Hapo viboko, ambao ngozi yao haiwezi kustahimili jua mchana kutwa, hujisonga mamia katika dimbwi moja la tope, mgongo kwa mgongo, wakipigana kwa nafasi. Mamba hujificha katika mashimo ya kingo za mto wakingoja mvua. Mambo hayo ndiyo yanayowavuta wageni, na kwa mgeni ni tamasha. Lakini mwenye kujua maana ya neno mbuga huyatazama kwa jicho jingine: huona ardhi iliyoshika maji ya mvua miezi mingi ikiyaachia kidogo kidogo, na huona pia siku ambapo akiba imekwisha.

NENO LILIVYOPATA MAANA YA PILI

Si vigumu kufahamu jinsi neno lilivyohama. Wanyama hufuata maji na nyasi, na mbuga ina vyote viwili. Mwindaji wa zamani akitaka nyama alikwenda mbugani. Hifadhi zilipotengwa, nyingi zilikuwa na nchi wazi yenye wanyama wengi, na watu wakaendelea kusema mbuga, wakiongeza "za wanyama". Shule, magazeti na redio zikalieneza, Tanzania na Kenya pia. Mwisho likaja kuwa jina la hifadhi yoyote, hata isiyo na mbuga.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Nyanda za kusini ya Serengeti, ambazo watu huzitaja kwanza wakisema mbuga, zimekaa juu ya majivu ya volkano na si mfinyanzi mweusi wa bondeni. Kilimanjaro, ambao ni mlima wenye theluji, wapo wanaouita mbuga. Hata Jozani yetu ya Unguja, iliyofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, mtu huweza kusikia ikiitwa mbuga. Jozani ni msitu. Ni kweli kwamba maji yake ya chini yako karibu na masika msitu hufurika, lakini ardhi ya miti mikubwa namna ile haiwi mbuga.

Lugha ya serikali imejaribu kutenga mambo. Panapolindwa kwa sheria kwa ajili ya taifa huitwa hifadhi ya taifa, panapowekwa akiba ya wanyama huitwa pori la akiba, na msitu unaolindwa huitwa hifadhi ya msitu. Majina haya yanasema nani mwenye mamlaka. Mbuga hulisema lililo chini ya miguu yako.

KATIKATI YA MAJINA MAWILI

Mtu aweza kuuliza: je, kuna hasara gani neno likiwa na maana mbili? Maneno mengi yana maana mbili na watu wanaishi. Ndiyo, lakini hapa hasara ipo, na Katavi inaionyesha.

Mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalifanya mkataba wa kulinda ardhi zenye maji. Tanzania iliingia katika mkataba huo mwaka 2000, na eneo lake la kwanza kuandikishwa lilikuwa la Malagarasi na Muyovozi, kaskazini ya Katavi. Kwa Kiswahili ardhi hizo zimepewa jina la ardhioevu. Mkataba unasema wazi kwamba maji yake yaweza kuwa ya daima au ya muda. Maana yake ni kuwa mbuga ni ardhioevu.

Lakini neno ardhioevu ni la ofisini. Mkulima wa bonde la Katuma akiambiwa katika mkutano wa mwezi wa Septemba kwamba ardhioevu zilindwe, atatazama udongo uliopasuka mbele yake na kusema moyoni kwamba hapa hakuna oevu lolote. Na akiambiwa mbuga zilindwe, atafahamu kwamba inasemwa hifadhi ya serikali kule Sitalike, si bonde lake. Hivyo mbuga ya kijiji imeangukia katikati ya majina mawili. Jina lake la zamani limechukuliwa na wanyama, na jina jipya halijafika shambani.

Na jambo lenyewe si dogo. Udongo wa mbuga ni mzuri kwa mpunga. Wakulima hugawa mbuga kwa matuta madogo ikawa vipande, wenyewe huviita majaluba, ili maji yasimame juu ya mpunga. Kazi hii imeleta chakula na fedha katika bonde la Katuma, karibu na Mpanda na mbali pia, na wengi wametoka katika umaskini kwa sababu yake. Lakini penye mpunga hutakiwa maji, na mvua isipotosha watu huzuia mto kwa miti na udongo na kuyapeleka maji majalubani. Wachunguzi walioandika juu ya mto huo mwaka 2010 walieleza kwamba matumizi ya maji upande wa juu yamefanya Katuma ukauke wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko hubaki katika tope, nyati hutembea mbali, na mto Kavuu hupeleka kidogo Rukwa.

Si haki kumlaumu mkulima peke yake. Analima ardhi ambayo babu zake waliiita mbuga kwa maana ya shamba la maji na malisho. Na mtunza hifadhi naye ana haki ya kuuliza maji yamekwenda wapi. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji yataka anayechota maji ya mto kwa kilimo cha namna hiyo awe na kibali cha bodi ya bonde, na kwa Katuma bodi hiyo ni ya Bonde la Ziwa Rukwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria zipo. Lakini sheria hushikwa vyema inapotaja kitu kwa jina ambalo mwenye shamba analijua. Akiambiwa kwamba mbuga yake ya juu na mbuga ya Katisunga ni pete za mnyororo mmoja, na kwamba maji anayoyazuia hapa ndiyo yaliyokuwa yakitarajiwa kule, atafahamu kwa haraka zaidi kuliko kuambiwa juu ya ardhioevu.

NASI VISIWANI

Huenda mwanachama akasema: mimi nina mikarafuu, mbuga za Mpanda zanihusu nini? Zinamhusu kwa sababu mnyororo ule wa udongo uko Pemba pia, ijapokuwa vilima vyetu ni vifupi. Panda kilimani, na mara nyingi utakuta udongo mzuri wenye kina na mikarafuu. Teremka, na chini utakuta bonde la mpunga. Wazee wetu hawakupanga hivyo kwa kubahatisha.

Na majina tunayo. Kichanga ni udongo wa mchangamchanga. Kinongo ni ule mwekundu. Kinamo ni mfinyanzi mzito unaonata na kunama mkononi, na huyo ndiye ndugu wa udongo wa mbuga. Angalia pia majina ya mahali petu. Bopwe iliyoko Wete yatukumbusha kubopa, yaani kubonyea. Ziwani iliyoko Chake Chake na Bwawani ya mjini Unguja zinajieleza wenyewe. Aliyepita kwanza mahali aliacha onyo katika jina.

Mkarafuu haupendi kusimama majini. Mizizi yake inataka udongo wenye kina, unaopitisha maji na hewa. Mche uliopandwa katika kinamo cha bondeni waweza kustawi mwaka wa kiangazi kizuri, mwenye nao akafurahi. Masika makubwa yakija, majani hugeuka manjano, ncha hukauka, na mti hufa kabla haujatoa hata pishi moja. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu mkarafuu si muhogo. Miaka iliyopotea hairudi.

Kwa hivyo kabla ya kupanda miche mipya, hasa katika sehemu za chini za shamba, mwanachama na afanye haya:

1. Aulize jina la mahali na la udongo kwa wazee wa hapo. Jina mara nyingi lina khabari kuliko macho.

2. Wakati wa masika achimbe shimo la futi tatu. Mvua ikikatika, angoje siku moja na usiku wake. Ikiwa maji bado yamesimama shimoni, hapo si pahala pa mkarafuu.

3. Atazame rangi ya ukuta wa shimo. Wekundu mpaka chini ni khabari njema. Kijivu, au kijivu chenye madoa ya kutu, ni dalili kwamba maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku hiyo pamekauka.

4. Atazame nyasi na mimea ya hapo. Penye ndago na matete pana maji, hata wakati wa jua kali.

5. Pahala palipokataa mkarafuu apaache kwa mpunga au majimbi. Asipachukie. Bonde la maji ni ghala la jirani zake wa chini vile vile.

6. Asifyeke ovyo kilima kilicho juu ya bonde. Udongo ukiachwa wazi utateremka na mvua, na shamba litapungua juu na kuziba mtaro chini.

KULITUMIA NENO

Kwa kumalizia, wanachama wetu, na hasa walimu na vijana wanaoandika, waweza kulitumia neno hili bila ya kuchanganya kama wakishika mambo matatu.

Ukitaka kusema pahala panapolindwa kwa sheria, sema hifadhi: Hifadhi ya Taifa ya Katavi, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ukisema mbuga ya wanyama watu watakufahamu, na katika mazungumzo hapana ubaya. Lakini katika barua ya kazi au shauri la ardhi, hifadhi ndilo neno la salama.

Ukitaka kusema ardhi ya chini yenye udongo mweusi, inayojaa maji masika na kupasuka kiangazi, sema mbuga bila ya woga, na ikiwa msikilizaji ni mtu wa pwani ongeza maelezo: mbuga ya mpunga, mbuga ya malisho, mbuga ya udongo mweusi.

Na ukisoma au kusikia ardhioevu, kumbuka kwamba ndani yake mna mbuga ya Katavi iliyokauka Septemba, na mna bonde lako la kinamo nyuma ya nyumba. Maji hayaonekani humo mwaka mzima, lakini ardhi inayajua, na mwaka ujao yatarudi pale pale.